Sura ya Sita: Msumari wa Sitini na Tano

Daktari alivua glavu, akanawa mikono, kisha akasema kwamba Gathogo alikufa akiwa ameshiba.

Sajenti Cheptanui aliandika hivyo katika daftari lake. Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi, na mochari ya Naivasha ilikuwa na baridi kuliko nje. Gathogo alikuwa mtu wa miaka arobaini na mmoja, ofisa wa kuhakiki ajira. Ijumaa asubuhi mchungaji mmoja alimkuta akielea katika bwawa la kunyweshea ng'ombe kule Ndabibi, na chupa ya pombe kali katika mfuko wa koti. Mkuu wa kituo alisoma ripoti ya kwanza akasema ni mlevi aliyeteleza. Faili lifungwe kufikia Jumatano.

Daktari alieleza polepole. Mapafu yalikuwa na maji. Nyuma ya kichwa palikuwa na jeraha, na jeraha hilo lingeweza kuwa la jiwe la bwawa au la kitu kingine. Shati lilinuka pombe lakini tumbo halikunuka. Majibu ya maabara yangechukua wiki tatu. Tumboni mlikuwa na githeri, ambayo haikuwa imekaa hata saa mbili kabla ya kifo.

"Githeri ya aina gani?" Cheptanui aliuliza.

"Mahindi, maharagwe, na karoti. Karoti ndiyo ilinishangaza. Vipande vidogo vya mraba, vyote sawa." Alimwonyesha kikopo cha kioo. "Hakuna mtu anayekata karoti hivi kwa kisu, labda awe hana watoto wanaongoja kula."

Cheptanui alivitazama vile vipande, akatia sahihi, akatoka.

Jana yake, Jumapili, alikuwa amekwenda Bahati kwa mjane. Mugure alikuwa nyuma ya nyumba akipakulia watu waliokuja kumpa pole. Mazishi yalipangwa Ijumaa. Hakulia mbele ya polisi. Alisema tu kwamba mume wake hakuwa amegusa pombe tangu mtoto wao Shiko azaliwe, na Shiko sasa alikuwa darasa la sita. Alisema pia kwamba hatakubali mtu asimame kando ya kaburi aseme marehemu alijitakia.

Cheptanui alimwomba ataje vitu ambavyo Gathogo alitoka navyo Alhamisi asubuhi na havikurudi. Mugure alivihesabu kwa vidole. Simu. Daftari la jalada la kijani. Na sahani.

"Sahani?"

"Sahani ya bati, ya ukingo wa kijani. Nilipewa sita na akina mama wa kanisa nikiolewa. Juzi kutoa vyombo vya wageni napata tano." Alionyesha rundo la sahani juu ya meza. Chini ya kila moja palikuwa na herufi M iliyoandikwa kwa rangi nyekundu ya kucha, na mstari mfupi chini yake, kama wanavyofanya watu wote ambao vyombo vyao huazimwa kwa harusi na matanga. "Nilimuuliza unapeleka wapi sahani. Akaniambia leo nakula kazini."

"Huwa anabeba sahani kwenda kazini?"

"Hapana. Huyo ni mtu wa kula hoteli." "Madam, ukijua, uniambie kama alikula. Watu wanasema alikuwa na pombe bila chakula. Hilo linanisumbua kuliko yote."

Cheptanui aliandika simu, daftari la kijani, sahani. Alimwahidi kwamba angemwambia.

Kutoka mochari, Cheptanui na Koplo Ndung'u walikwenda Ndabibi. Ndung'u aliendesha gari huku akila mahindi ya kuchoma, mkono mmoja kwenye usukani.

Kiwanda cha Bonde Mboga kilisimama mahali ambapo zamani palikuwa na ghala la mlowezi. Kilikausha karoti, viazi na sukuma wiki na kuzitia katika pakiti. Karibu kila mtu wa Ndabibi alizijua habari zake. Miaka miwili iliyopita, Bahati na Ndabibi zote zilitaka kiwanda hicho. Bahati ilikuwa na viazi vingi, Ndabibi ilikuwa na vijana wengi wasio na kazi, kwa hiyo mpango wa ajira mashinani uliipa Ndabibi. Kiwanda kilipewa ardhi bila malipo, laini ya stima na barabara ya murram. Sharti lilikuwa moja: ndani ya miaka miwili kiajiri wakaazi mia tatu wa wadi ile. Kikifikisha idadi, kichimbiwe kisima na barabara itiwe lami. Kisipofikisha, msaada uliobaki uhamishiwe Bahati. Gathogo ndiye aliyetumwa kuhesabu watu. Alihesabu Jumanne, akapata mia tatu na kumi na wawili, akatia sahihi.

Langoni lori la maji lilikuwa linaingia. Cheptanui aliomba kitabu cha wageni. Soja aliyelinda lango alimpa. Jumanne jina la Gathogo lilikuwepo, kwa mwandiko wake. Alhamisi palikuwa na wageni wanne, Gathogo hakuwemo. Cheptanui aliutazama ukurasa ule kwa muda, akamsogezea Ndung'u.

Kurasa nyingine zote zilikuwa na miandiko mbalimbali, kwa sababu kila mgeni hujiandikia. Wageni wanne wa Alhamisi walikuwa na mwandiko mmoja na kalamu moja.

"Alhamisi ulikuwa zamu?" Ndung'u alimuuliza soja.

Soja alisema alikuwa ofu. Aliulizwa nani alishika zamu. Akasema amesahau.

Meneja aliitwa Bethwel. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na mitano, mzaliwa wa Ndabibi, na ofisi yake ilikuwa na ramani ya wadi iliyochorwa kwa mkono. Aliwakaribisha chai. Alisema kifo cha Gathogo kilimhuzunisha. Alimwona mara ya mwisho Jumanne, walikula kuku pamoja pale ofisini, na tangu siku hiyo hakurudi. Alhamisi yeye mwenyewe alishinda ofisini siku nzima.

Cheptanui aliuliza kama marehemu alikuwa na ugomvi na mtu.

"Sitaki kusema vibaya juu ya mtu aliyelala," Bethwel alisema. "Lakini mjue nyumbani kwake ni Bahati. Hiki kiwanda kikianguka, kinaenda kwao. Pia alikuwa anapenda chupa. Ulizeni Karagita, kule ndiko alikuwa anakaa kwa hoteli."

"Umefikishaje watu mia tatu na kumi na wawili na bado maji unanunua kwa lori?"

"Tumejikaza, Sajenti."

Alijibu akitabasamu, lakini kikombe chake cha chai hakukigusa tena.

Walifuata nyayo za Gathogo hadi Karagita kama walivyoelekezwa. Hoteli iliyotajwa ilikuwa chumba kimoja cha mabati, kati ya safu za vyumba vya kupanga vya wafanyakazi wa mashamba ya maua. Mwenye hoteli alimkumbuka. Alisema alikuja Jumatano, siku moja baada ya kuhesabu, akaagiza chai na chapati. Hakunywa pombe, kwa kuwa pale haiuzwi na mwenyewe hakuulizia. Alihamahama kutoka meza moja hadi nyingine akiwauliza wasichana wa maua swali moja: nani alipanda basi jana?

Githeri ya hoteli hiyo ilikuwa na viazi na kabichi, bila karoti. Ndung'u aliionja ili kuwa na hakika, akaongezewa.

Msichana mmoja kati ya walioulizwa aliitwa Lynn. Walimpata mlangoni kwake akifua. Kazi yake ilikuwa kupanga waridi kwa urefu, na vidole vyake viwili vilikuwa vimefungwa plasta kwa sababu ya miiba. Mwanzoni alisema hajui basi lolote. Cheptanui hakumbishia. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamwambia kwamba yule mtu aliyemuuliza Jumatano alikuwa mochari.

Lynn aliiacha nguo ndani ya maji.

Akaeleza. Jumanne ilikuwa siku yake ya kupumzika. Jioni ya Jumatatu mtu alipita akiandika majina ya walio na ofu. Asubuhi yalikuja mabasi manne. Kule Ndabibi walipewa ovaroli na gambuti mpya, wakapangwa kando ya mashine, wakaambiwa kila mtu ashike karoti. Mtu wa kuhesabu alipita. Saa sita walipewa mkate na soda wakarudishwa.

"Mlilipwa?" Ndung'u aliuliza.

"Mkate na soda, boss. Kwani hukusikia?" Kisha akamgeukia Cheptanui. "Si eti tulikuwa tunaibia mtu. Walituambia kisima kinangoja hesabu, na kazi zinangoja kisima. Mkijaza hesabu leo, mwaka ujao mnaandikwa kazi, na ninyi ndio wa kwanza. Mimi nilienda kwa sababu nataka kazi isiyo na miiba. Nani hataki?"

"Na Gathogo ulimwambia hivyo Jumatano?"

"Nilimwambia. Hakukasirika. Alisema, nilijua, lakini nilikuwa nimeshatia sahihi."

Cheptanui alimuuliza kama Gathogo alisema alijuaje. Lynn alifikiri. Alisema mtu yule alisema jambo la ajabu, kwamba kiwanda kina watu mia tatu lakini hakina sahani.

Ndung'u alicheka kidogo, akaacha. Cheptanui alifungua daftari, akarudi nyuma hadi ukurasa wa Jumapili, akapiga mstari chini ya neno la mwisho.

Jumanne walirudi Ndabibi, na safari hii walifika saa saba kasoro, bila kupiga simu. Cheptanui alimwacha Ndung'u ofisini amshughulishe Bethwel kwa maswali juu ya mkataba wa ardhi. Yeye alizunguka nyuma, akafuata moshi.

Jikoni palikuwa banda refu la mbao lenye meko mawili ya kuni. Mpishi alikuwa Wanjugu, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye kofia ya sufu na mkono mnene wa kukoroga. Wafanyakazi walimwita Mathe. Ukutani, kuanzia mlangoni hadi mwisho wa banda, palikuwa na misumari, na kwenye kila msumari palining'inia mfuko wa plastiki au wa nguo wenye sahani na kijiko. Kila mtu hapo alileta sahani yake kutoka nyumbani, akaiosha, akaitundika mahali pake. Kiwanda kilitoa chakula, hakikutoa vyombo.

Cheptanui alimsalimia, akasema yeye ni polisi. Wanjugu alisema anajua, gari lao lilionekana tangu jana. Hakuacha kukoroga. Kando ya meko palikuwa na gorogoro, mkebe wa kupimia nafaka.

"Unapika gorogoro ngapi, Mama?"

"Nne za mahindi. Mbili za maharagwe. Na karoti ya mashine, vile vipande vya mraba vinavyobaki, wananipa ndoo moja."

"Kwa watu wangapi?"

"Wale unaona."

Kengele ililia. Watu waliingia, wakatoa sahani misumarini, wakapanga foleni. Cheptanui alisimama pembeni akihesabu. Walikuwa wanaume kwa wanawake wa rika zote, vumbi la viazi kwenye nyusi, wakitaniana. Mmoja alimwambia Wanjugu amwekee mahindi yaliyosomea, haya ya jana yalikuwa hayajui kuiva. Wanjugu alimjibu kwamba meno yake ndiyo hayakwenda shule. Walipomaliza kupakuliwa, sufuria ilibaki na ukoko tu. Walikuwa sitini na wanne. Kwa watu mia tatu na kumi na wawili angehitaji karibu gorogoro ishirini za mahindi, na meko mengine matatu.

Kisha Cheptanui aliutazama ukuta. Sahani zote zilikuwa zimetolewa isipokuwa moja. Karibu na mlango, kwenye msumari wa mwisho, palikuwa na mfuko wa karatasi uliokunjwa vizuri.

"Hii ni ya nani?"

Wanjugu alifuta mikono kwenye aproni. Cheptanui alivaa glavu, akautoa mfuko, akatelezesha kilichokuwa ndani. Sahani ya bati yenye ukingo wa kijani. Aliigeuza. Herufi M, rangi ya kucha, mstari mfupi chini yake.

Aliyeandika upya ukurasa wa Alhamisi langoni aliondoa jina. Simu na daftari vilichukuliwa. Lakini hakuna bosi aliyewahi kuutazama ukuta ule. Kila sahani ilikuwa ya mwenyewe, na sahani ya mwenyewe haiguswi.

"Mama, nani aliitundika hapa?"

"Mimi."

"Lini?"

Wanjugu aliwatazama watu waliokuwa wakila kwenye mabenchi nje. Alisema kwa sauti ya chini kwamba kama anataka kumuuliza, waende kwenye stoo ya kuni. Huko alikaa juu ya gogo, na Cheptanui akasimama, kwa sababu gogo lilikuwa moja.

"Kwanza niulize mimi," Wanjugu alisema. "Nikisema, hawa sitini na wanne wataenda wapi? Usiniambie mambo ya Nairobi. Niambie kesho asubuhi wataenda wapi. Kabla ya hiki kiwanda hapa palikuwa na kazi ya kuchoma makaa, na miti yenyewe iliisha. Msichana wangu yuko kwa mashine ya kufunga pakiti. Huu ni mwezi wake wa nane kazini."

"Sijui wataenda wapi," Cheptanui alisema.

Wanjugu aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa kipimo sahihi.

Alisema Jumanne ile hakuna aliyemwambia kwamba kutakuwa na wageni. Alipika gorogoro zake nne kama kawaida. Wageni wakala mkate kwa basi. Yule mtu wa kuhesabu alipitia jikoni akitafuta choo, akaona ukuta, akasimama. Akauliza mbona misumari ni michache. Yeye akamjibu ukweli, kwa sababu hakuna mtu aliyemkataza. Akamuuliza gorogoro ngapi. Akamwambia. Mtu yule akasema asante, Mathe, akaenda kula kuku ofisini na makaratasi yalikuwa yameshatiwa sahihi.

"Alhamisi akarudi na sahani yake. Akapanga laini na watu. Wengine walimcheka, wakamwambia serikali imeishiwa kuku. Alisema anataka kuhesabu vizuri, na mtu hawezi kuhesabu laini kama hayuko ndani yake. Akala pale kwa benchi. Akamaliza. Akaja na sahani tena, akaninyooshea." Wanjugu alinyoosha mikono yake miwili mbele, viganja juu. "Nikamwongeza. Ilikuwa imebaki kidogo."

"Halafu?"

"Bethwel akaja. Hakumpigia kelele. Alimwambia, panda pikapu nikupeleke steji, tuongee njiani. Yule akaacha sahani kwa benchi, akaniambia Mathe niwekee, nitarudi kesho. Nikaosha. Kuna kijana aliacha kazi Januari, msumari wake ulikuwa wazi. Nikatundika hapo."

Cheptanui aliuliza alichoona baada ya hapo. Wanjugu alisimama, akamwonyesha kupitia ufa wa mbao. Kutoka pale njia ya kiwanda ilionekana hadi kwenye makutano. Kwenda steji ya matatu ni kupanda kulia. Kushoto ni kuteremka, na njia ile haina mahali inapokwenda ila bwawani kwa ng'ombe.

"Pikapu iliteremka," Wanjugu alisema. "Nikajua wanaenda kuangalia mahali pa kuchimba kisima. Nilijiambia hivyo. Ikarudi na mtu mmoja."

"Utaandika hayo na kutia sahihi?"

Nje mtu alikuwa akigonga sahani kwa kijiko akiimba. Wanjugu alisema kwamba siku nne za kazi sasa, akishusha chakula, hupita mbele ya msumari ule. Hawezi kuitoa ile sahani. Hawezi kuiacha. Mtu alisema atarudi, na yeye ndiye aliyempa hesabu iliyomrudisha.

"Lete hiyo kalamu," alisema.

Maelezo yalichukua kurasa mbili na nusu. Wanjugu alisomewa, akasahihisha neno moja, kwamba maharagwe yalikuwa gorogoro mbili kasoro siku ile, kisha akatia sahihi. Cheptanui aliitia sahani katika mfuko wa ushahidi, akaandika tarehe, saa na mahali ilipotolewa: ukuta wa jikoni, msumari wa sitini na tano kutoka mwisho wa banda. Alimpigia Ndung'u simu akamwambia asimwache Bethwel aondoke, na aulinde pia ufunguo wa pikapu.

Walimshusha Bethwel ngazi saa tisa kasoro robo. Hakuwa na fujo. Alipopita mbele ya wafanyakazi aliwatazama, kisha akamwambia Cheptanui kwamba yeye hakujijengea nyumba, alikuwa anataka kisima tu, na wadi nzima ingekunywa. Cheptanui alimkumbusha kwamba ana haki ya kunyamaza. Watu sitini na wanne walisimama mlangoni na ovaroli zao. Baadaye msimamizi mmoja alipiga kengele, na kwa kuwa hakuna aliyewaambia vingine, wakarudi kwenye mashine.

Kituoni, baada ya kumwandikisha mshukiwa na kufunga sahani katika kabati la vielelezo, Cheptanui alimpigia Mugure. Alimweleza kwamba faili halitafungwa na kwamba cheti cha kifo hakitaandikwa ulevi. Alimweleza kwamba sahani ya sita imepatikana, lakini itakaa na polisi mpaka kesi iishe, na kesi zina mwendo wake.

Upande wa pili vyombo vilisikika vikipangwa.

"Na lile jambo nilikuuliza?" Mugure alisema.

"Alikula, Mama Shiko. Akaongezwa."

Mugure akasema asante, akamwita Shiko amletee kitambaa cha kufutia vyombo, na simu ikakatika.